Upanga Uliovuka Hadi Mirihi

Mwaka 1912 jarida la Marekani liitwalo The All-Story lilianza kuchapisha kwa mfululizo hadithi ya askari mmoja, John Carter, aliyejikuta yuko kwenye sayari ya Mirihi bila kujua amefikaje. Huko alikuta merikebu zinazoelea angani na bunduki za radiamu ambazo, kwa maelezo ya mtunzi wake Edgar Rice Burroughs, zilimpata adui aliye umbali wa maili 200. Kwa silaha za namna hiyo ungetarajia vita vya Mirihi vipiganwe na watu wasioonana hata kivuli. Wapi! Kila baada ya kurasa chache watu wa huko wanachomoa panga na kusimama uso kwa uso.

Burroughs alijua ataulizwa, akaweka jibu mapema: mila. Mtu akikuvamia kwa upanga, ni fedheha kumjibu kwa bastola. Unaruhusiwa silaha iliyo sawa na yake au iliyo dhaifu zaidi, basi. Jibu hilo ni jepesi, lakini wengi waliomfuata wamepita humo humo. Mtunzi wa hadithi za kisayansi anayetaka upanga ubaki mkononi mwa shujaa wake hulazimika kwanza kuinyamazisha bunduki, na namna anavyoinyamazisha ndiyo inayotuambia anaandika juu ya nini hasa.

Wakati ule wazo lenyewe halikuwa la ajabu. Burroughs aliwahi kuwa askari wa Kikosi cha 7 cha wapanda farasi wa Marekani, katika kambi ya Fort Grant, Arizona, na upanga ulikuwa bado chombo cha kazi. Mwaka 1913 jeshi la nchi hiyo lilipitisha upanga mpya kwa ajili ya wapanda farasi wake, uliobuniwa na luteni kijana George Patton, yule yule aliyekuja kuwa jenerali wa vifaru katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia vitani, na mbele ya bunduki za rashasha upanga ukakosa kazi, ukabakia kwenye gwaride. Hadithini haukustaafu. Flash Gordon, aliyeanza katika katuni za magazeti mwaka 1934 na kuingia kwenye sinema mwaka 1936, aliruka na roketi, akakabiliwa na bastola za miali, na bado akapigana kwa upanga bila yeyote kutoa sababu.

Aliyelichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wote ni Frank Herbert. Riwaya yake Dune ilikataliwa na wachapishaji wapatao 20 kabla ya kutolewa mwaka 1965 na Chilton, kampuni iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya ufundi wa magari. Herbert hakutegemea mila, alitunga fizikia. Watu wake huvaa kiunoni mtambo unaouzungushia mwili ngao isiyoonekana. Kitu kinachokuja kwa kasi hugonga ngao hiyo na kukwama. Kinachokuja taratibu hupita. Risasi kwa hiyo haina kazi. Ukisema utumie leza, mwale wake ukiigusa ngao unazuka mlipuko wa kinyuklia unaoweza kummaliza hata aliyefyatua. Kinachobaki ni kisu, tena kisu cha mtu mwenye subira.

Ukisoma mwanzoni, pale kijana Paul, shujaa wa riwaya, anapofanya mazoezi na mwalimu wake Gurney Halleck, utaona jinsi mtunzi alivyolifikiria jambo hili hadi kwenye pumzi. Hewa nayo hupita taratibu kwenye ngao, kwa hiyo wapiganaji wakikaa sana ndani yake inachakaa, na kila ngao mbili zinapogusana harufu ya ozoni inazidi. Baadaye, jangwani, Paul analazimika kupigana na mtu aitwaye Jamis. Hakuna ngao. Kila mara Paul anapopata nafasi ya kuchoma, mkono wake unachelewa, kwa sababu tangu utotoni amefundishwa kwamba pigo la haraka halipiti. Wanaotazama wanadhani anamchezea mwenzake kikatili. Kumbe ni mvulana wa miaka 15 ambaye hajawahi kuua. Mwishowe anaua, na kwenye mazishi analia, mbele ya watu ambao kwao tone moja la maji ni mali. Bunduki isingeweza kutupa kurasa hizo. Mauaji yanayotokea umbali wa maili 200 hayana mtu wa kumlilia.

Herbert alichota mengi kutoka kitabu cha Lesley Blanch cha mwaka 1960 kuhusu Imamu Shamil na Waislamu wa milima ya Kaukazi waliopambana na Urusi kwa miaka mingi. Watu wake wa jangwani humwita Paul Mahdi, jina ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulisikia bila kuikumbuka Sudan. Tarehe 2 Septemba 1898, huko Omdurman, wafuasi wa Mahdi wa Sudan, wengi wao wakiwa na mikuki na panga, waliyakabili majeshi ya Uingereza na Misri yenye mizinga na bunduki za rashasha za Maxim. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamekufa zaidi ya 10,000. Upande wa pili waliouawa hawakufika 50. Katika Dune, wenye visu ndio wanaomwangusha mfalme wa dola. Naamini sehemu kubwa ya mvuto wa riwaya hiyo inatoka hapo.

George Lucas, aliyekua akimtazama Flash Gordon kwenye televisheni, alitaka kumtengenezea filamu, akakosa haki miliki. Akatunga yake, Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, huku akiazima kutoka kwa Akira Kurosawa na filamu zake za samurai. Upanga wake ni wa nuru, na hoja yake ni ya imani: aliyefunzwa vyema huihisi risasi kabla haijafyatuliwa na kuirudisha ilikotoka. Kisayansi ni hoja dhaifu kuliko ya Herbert, lakini machoni na masikioni imeshinda zote. Mpini wa upanga wa Luke, shujaa wa filamu hiyo, ulitokana na kishikio cha taa ya kamera ya zamani, Graflex, ambacho mpambaji wa seti Roger Christian alikikuta katika duka la vifaa vya picha jijini London, akakibandika vipande vya mpira. Mvumo wake msanifu wa sauti Ben Burtt aliupata kwa kuchanganya mlio wa mota ya projekta na mzizimo wa televisheni ulionaswa na maikrofoni yenye waya mbovu. Kisha aliucheza kwenye spika huku akipunga maikrofoni nyingine mbele yake, ndipo sauti ikawa inapita hewani kama upanga.

Wajapani nao, katika katuni ya televisheni Gundam ya mwaka 1979, walivuruga rada kwa chembe za kubuni ili mashine kubwa za vita zilazimike kukaribiana.

Halafu ikaja filamu ya Black Panther, mwaka 2018, kuhusu nchi ya kubuni ya Afrika iitwayo Wakanda. Mwigizaji Lupita Nyong'o, Mkenya, anapigana kwa bangili zenye makali, na mhusika Okoye, mmoja wa wanawake wapiganaji wa Wakanda, akiwa juu ya gari linalokimbia mjini Busan, anarusha mkuki baada ya kuzidharau bunduki za adui kuwa ni mambo ya kizamani. Nililifurahia tendo hilo, na bado nalifurahia. Lakini wanawake hao wapiganaji walifananishwa na Agojie wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin, na Agojie wa kweli hawakuwa watu wa makali peke yake. Walibeba magobori pamoja na mapanga, wakayafanyia mazoezi makali, na vita vya mwaka 1892 dhidi ya Wafaransa waliviingia na bunduki mikononi.