Bagamoyo: Watoto Walioanzisha Shule

Mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakafungua misioni Bagamoyo, kaskazini kidogo ya mji. Wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kwa fedha katika soko la watumwa la Unguja. Vitabu hutaja mapadre kwanza, mimi ningeanza na watoto hao.

Siku yao iligawanyika kati ya sala, darasa na jembe. Walijifunza kusoma na katekisimu, useremala na uhunzi. Wakafyeka msitu, wakapanda minazi. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipobomoa majengo, kazi ikaanza upya. Chakula cha misioni kilitoka mashambani, na mashamba yalilimwa na wanafunzi. Waliokolewa kweli, lakini pia walitumikishwa, na historia ya haki haifichi lolote kati ya hayo.

Februari 1874 mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulifikishwa hapo, na mpaka leo mgeni wa Bagamoyo huonyeshwa mnara ulipolazwa. Katika msafara ulioubeba alikuwamo Jacob Wainwright, aliyekuwa ametolewa utumwani akasomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, India, na ndiye aliyeandika shajara ya safari. Huenda watoto wa Bagamoyo walimwona kijana mwenye asili kama yao akiwa na kalamu. Habari hii nashangaa haisimuliwi zaidi.

Wakitoka makabila mbalimbali, watoto wa misioni walielewana kwa Kiswahili. Padre Charles Sacleux, aliyefika 1879, aliishi katikati ya lugha hiyo, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikaanza kutoka Paris mwaka 1939.

Watoto hao walipokua walioana, wakapewa viwanja katika kijiji cha Wakristo. Misioni ilipofunguliwa Mhonda mwaka 1877, baadhi ya familia hizo ziliondoka pamoja na mapadre kwenda kuwa kiini cha parokia mpya. Kilema, Kilimanjaro, ikafuata mwaka 1891.

Miongo mingi baadaye, Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1969 iliziweka shule za misioni mikononi mwa serikali. Makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa yakayapa makanisa nafasi pana tena katika elimu. Shule nyingi za Kanisa zilizoibuka tangu hapo zinasifika kwa ufaulu, ila ada zake zingewafungia nje watoto wa aina ileile ambao misioni ilianza nao Bagamoyo, wasio na mzazi wala senti.