Darasa, Karakana na Kazi: Historia ya Kuwafunza Mafundi Umeme Tanzania

Umeme ulipoanza kuzalishwa Dar es Salaam mwaka 1908, chini ya utawala wa Wajerumani, ulihudumia karakana za reli na sehemu ya mji walimoishi Wazungu, na Waafrika walioshiriki katika kazi hiyo waliingia kama vibarua na wasaidizi. Hali haikubadilika sana Waingereza walipounda idara ya umeme ya serikali mwaka 1920, wala huduma ilipokabidhiwa kampuni binafsi mwaka 1931. Msaidizi alijifunza kwa kutazama: alijua waya upi uungwe wapi, lakini hakuelezwa kwa nini unene wa waya sharti ulingane na mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachopita ndani yake. Kutokana na mwanzo huo, historia ya mafunzo haya inaweza kusomwa kama jitihada ndefu ya kuunganisha mambo matatu, ambayo ni darasa linalofafanua kanuni, karakana inayozoesha mikono, na mahali pa kazi panapompa mwanafunzi wajibu wa kweli.

Sheria ya mwaka 1940 iliupa uanagenzi, yaani utaratibu wa kujifunza kazi chini ya mwajiri kwa mkataba, msingi wake wa kwanza wa kisheria. Hata hivyo, hatua kubwa zaidi ilikuwa kufunguliwa kwa shule ya ufundi ya Ifunda, karibu na Iringa, mwaka 1951, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kufuatiwa na ile ya Moshi mwaka 1957. Katika shule hizo kijana alisoma kwa miaka mitatu, kisha akapelekwa kwa mwajiri kwa miaka miwili. Nafasi zilikuwa chache mno kwa nchi kubwa kiasi hicho, lakini mpangilio wenyewe ulikuwa na busara ambayo vizazi vilivyofuata vimelazimika kuitafuta upya, kwa kuwa ulitambua kwamba shule peke yake haikamilishi fundi.

Baada ya uhuru, Ifunda na Moshi ziligeuzwa kuwa shule za sekondari za ufundi, na hivyo kazi ya kuandaa mafundi wa ngazi ya kawaida ikahitaji makao mengine. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1974 iliunda mfumo wa kitaifa chini ya wizara iliyoshughulikia kazi, ambamo mwanagenzi alipata mafunzo ya msingi katika vituo kama kile cha Chang'ombe, Dar es Salaam, akaendelea kiwandani, na kupimwa kwa majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Nguvu ya mfumo huo ilitokana na mashirika ya umma, likiwemo shirika la umeme, TANESCO, yaliyokuwa na mitambo pamoja na mafundi wazoefu wa kumsimamia mwanagenzi.

Nguvu hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa udhaifu. Uhaba wa fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 ulifanya vifaa vinavyoagizwa kutoka nje vipatikane kwa shida, na ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ukapunguza mashirika yaliyokuwa tayari kupokea wanagenzi. Sheria ya mwaka 1994, iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) na kugharimia mafunzo kwa tozo inayolipwa na waajiri, iliokoa vyuo, na mitaala ikaelekezwa kwenye umahiri, yaani kumpima mwanafunzi kwa kile anachoweza kukifanya badala ya kile anachokikumbuka. Lakini tozo humfanya mwajiri kuwa mlipaji tu, wala haimlazimishi kuwa mwalimu, kwa hiyo mzigo uliokuwa ukibebwa na kiwanda uliiangukia karakana ya chuo.

Hapo ndipo ubora wa mwalimu unapokuwa suala la msingi. Mwanafunzi anaweza kuchora kikamilifu saketi ya taa ya ngazi, inayowashwa chini na kuzimwa juu, na bado asiweze kugundua hitilafu ndani ya nyumba iliyokwisha kupigwa lipu. Ustadi huo huja pale mwalimu anapoweka kasoro kwa makusudi, anapomwachia mwanafunzi mega, yaani kifaa cha kupimia ukinzani wa kihami, na anapokataa kuipokea kazi ambayo haijapimwa ethi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Chuo cha ualimu wa ufundi stadi cha Morogoro kilianzishwa kwa kutambua kuwa fundi hodari si lazima awe mwalimu hodari; ukweli wa upande wa pili, kwamba cheti cha ualimu hakichukui nafasi ya miaka ya kazi, unastahili uzito uleule.

Leo usambazaji wa umeme vijijini, ulioharakishwa baada ya kuundwa kwa Wakala wa Nishati Vijijini kwa sheria ya mwaka 2005, umeongeza mno nyumba zinazohitaji kufungwa nyaya, na kosa la fundi hufichwa ukutani kwa miaka hadi linapoua au kuunguza. Kwa sababu hiyo, majaribio ya mafunzo pacha, ambayo humgawanya mwanafunzi kati ya chuo na mwajiri, yanapaswa kuthaminiwa kuliko idadi ya majengo mapya, na waajiri, zikiwemo kampuni ndogo za wakandarasi, wanapaswa kudaiwa nafasi za mafunzo kama wanavyodaiwa tozo.