Bibi yangu alifundishwa Baba Yetu na mjukuu: imani na umri Mbulu na Hanang

Bibi yangu alibatizwa akiwa kikongwe, na aliyemfundisha Baba Yetu ni mimi. Nilikuwa na miaka 13, niko darasa la kipaimara, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Nikimsahihisha anacheka: "Haya mwalimu, rudia." Wakati ule sikuona ajabu yoyote. Nimekuja kuiona chuoni, tulipofika kwa James Fowler.

Fowler, mwanateolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1981 kitabu kuhusu hatua za imani. Anasema mtoto huamini kwa hadithi na picha. Akifika ujanani huchukua imani ya watu wanaomzunguka na kuifanya utambulisho wake bila kuihoji sana. Baadaye, kama atafika huko, huanza kuichunguza mwenyewe. Ni kazi nzuri, siibezi. Ila waliohojiwa walikuwa watu 359, karibu wote Wazungu wa Amerika Kaskazini. Sasa mweke bibi yangu kwenye ngazi hiyo. Mtu aliyeanza upya uzeeni, tena akifundishwa na mjukuu, anakaa hatua ya ngapi?

Tukitaka kujibu, inabidi turudi kabla hajazaliwa. Wairaqw (wengi mnawajua kama Wambulu) walimwomba Looaa, yaani jua, ambaye kwa Kiiraqw ni wa kike: mama, chanzo cha mema. Waliokuwa wakiogopwa ni neetlangw, roho wa kwenye maji na chemchemi, nao ni wa kiume. Sala kubwa ni slufay: mzee anaongoza, waliopo wanaitikia, wanaomba mvua, mifugo, watoto, amani. Hakuna kijana aliyeulizwa kama "ameamini". Imani ilikuwa ya nchi nzima, na mtu aliizaliwa ndani yake.

Lakini kwa wasichana palikuwa na mlango wa kupitia ujanani, nao uliitwa marmo. Waliwekwa ndani kwa miezi kadhaa chini ya wanawake wakubwa, wakifundishwa mambo ambayo wanaume hawakutakiwa kuyajua. Walishona sketi za ngozi zenye shanga; baadhi ya sketi hizo leo ziko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Aliyetoka marmo alikuwa mtu mzima mbele ya watu na mbele ya Looaa.

Sipambi mambo. Marmo iliambatana na ukeketaji. Na msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alihesabiwa kuwa hatari kwa ardhi na mazao ya wenzake, akatengwa. Baadhi yao waliishia kuolewa kwa majirani, Wadatoga, ambao hawakuwa na hofu hiyo.

Waingereza wakaipiga marmo marufuku. Hapa ndipo naona somo la historia lenye uzito kuliko ngazi ya Fowler: mafundisho yalikufa, wembe ukabaki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mkoani Manyara wamekeketwa, mkoa ulioongoza nchini, miaka kumi na saba hivi baada ya sheria ya 1998 kukataza jambo hilo kwa walio chini ya miaka 18. Mkoa una makabila mengi, kwa hiyo takwimu hiyo si ya Wairaqw peke yao. Ila inatosha kutufanya tujiulize ni nini hasa kilichofutwa.

Hanang mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, humwomba Aseeta, na wanawake wana nyimbo zao za sala wanazoimba wakati wa shida. Mzee mwenye heshima akifa hufanyiwa bung'eda: kaburi linajengewa kichuguu kwa miezi, na ukoo mzima unakusanyika hapo. Kijana alijifunza yeye ni nani akiwa kwenye kichuguu hicho. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 yakaja mashamba ya ngano ya serikali, kwa msaada wa Canada, yakachukua takriban ekari 100,000 za malisho. Trekta zikalima hadi juu ya makaburi. Unamfundishaje mtoto imani ya mababu pale ambapo mababu wamepandiwa ngano?

Shule na kanisa viliingia kwenye nafasi hizo zilizoachwa wazi. Hospitali ya Kilutheri Haydom ilifunguliwa 1955, Wakatoliki walikuwepo tangu zamani, na aliyekwenda shule mara nyingi alirudi na jina la ubatizo. Kipaimara kikawa mlango mpya wa ujana: miezi ya mafundisho, nguo mpya, pilau, na watu wote wanakutazama.

Sasa bibi. Mama yake alipita marmo. Yeye alipofikia umri, marmo haikuwepo tena, na shule hakupelekwa. Ujana wake ulipita bila mlango wowote, si wa Looaa si wa Yesu. Niliwahi kumuuliza kwa nini alingoja hadi uzeeni. Akasema, "Waliokuwa wanaitikia wamekwisha. Nyinyi mnaitikia kule."

Mwaka jana, nikiwa likizo, nilikaa na vijana wa kipaimara kijijini kwetu. Nikauliza nani amewahi kusikia slufay. Alinyoosha mkono mmoja tu. Alisema aliisikia harusini, kwenye spika, na MC aliikatisha kwa sababu muda ulikuwa umekwenda.