Kaskazini Haikuwa Mbali, Iliwekwa Mbali

Wasee, kila Disemba naona video ileile. Mtu ametoka Nairobi, amefika jangwa la Chalbi, amerusha droni, halafu anasema amegundua Kenya yenye hakuna mtu anaijua. Umegundua aje, buda? Mbuzi tunaokula Kiamaiko wanatoka hukohuko, Marsabit na Moyale. Hao walijua njia kabla yako.

Swali ni hili: kwa nini safari hiyo ilikuwa ngumu miaka yote hiyo? Tumezoea kusema ni jangwa, ni umaskini. Kampasi niliacha lakini kusoma sikuacha, na nikifuata miaka naona kitu kingine: sheria.

Mwaka wa 1902 mkoloni alipitisha sheria ya kufunga kaskazini. Mgeni hakuingia bila pasi. Mifugo nayo iliwekewa karantini isishuke kusini ikaambukiza ng'ombe wa masetla. Yaani mfugaji alikuwa na mali, akanyimwa soko, halafu akaitwa maskini. Na mkoloni alipotaka kumficha Jomo Kenyatta, alimpeleka wapi? Lokitaung, Turkana.

Uhuru ulikuja Disemba 12, 1963. Disemba 28, hata wiki tatu hazijaisha, serikali yetu wenyewe ikatangaza hali ya hatari huko juu, wakati wa vita vya Shifta. Vita viliisha 1967. Hali ya hatari iliondolewa 1991! Katikati hapo, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulisema pesa za maendeleo ziende penye ardhi nzuri, mvua na usafiri. Asiye na barabara akabaki bila barabara.

Ndio maana msafiri wa Moyale alipanda lori la ng'ombe, akashikilia vyuma juu, siku nzima na usiku wa vumbi, akiomba majambazi wasitokee. Na akielekea Nairobi, alisema anaenda "Kenya". Hakuwa anafanya mzaha.

Lami ya Isiolo hadi Moyale, kama kilomita 500, ilikamilika juzi tu, miaka ya 2010. Siku hizi unapanda basi Eastleigh na hiyo safari haimalizi siku. Jangwa ni lilelile, jua ni lilelile. Serikali ndiyo iliamua tofauti.

Kwa hivyo ukienda, enda. Lakini kabla ya kuposti "nimegundua", uliza mwenye mmekaa naye kwenye basi nyanyake alihitaji karatasi gani ndio afike Nairobi.