Joto, Kuni na Mkonge: Historia ya Injini za Joto Korogwe na Handeni

Injini za joto ziliingia Korogwe kwa njia ya reli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893 chini ya kampuni binafsi ya Kijerumani. Reli ilipofika Muheza mwaka 1896 kampuni iliishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua kazi hiyo. Gari moshi lilifika Korogwe, kilometa 84 kutoka Tanga, mwaka 1902. Reli ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka uleule wa 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf alileta vitoto vya mkonge kutoka Florida, na 62 tu ndivyo vilivyofika vikiwa hai. Mwaka huohuo pia, huko Ujerumani, Rudolf Diesel alipewa hataza ya injini yake. Reli, mkonge na injini ya dizeli vilikuja kukutana katika bonde la mto Pangani, ambao wenyeji wa Korogwe huuita Ruvu.

Handeni haikupata reli hiyo. Njia ilifuata miguu ya milima ya Usambara, kaskazini ya mto, ikaiacha nchi ya Wazigua, ilimo Handeni, upande wa kusini. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua ni nani angefanyiwa kazi na mvuke na ni nani angeendelea kuifanya kwa mabega yake.

Kanuni ya Carnot

Injini ya joto ni mashine inayopokea joto kutoka mahali penye moto, ikageuza sehemu yake kuwa kazi, kisha ikatupa sehemu iliyobaki mahali penye ubaridi zaidi. Ufanisi wake ni uwiano kati ya kazi iliyopatikana na joto lililoingia. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba ufanisi huo una kikomo kisichoweza kuvukwa hata na fundi bora kuliko wote, na kwamba kikomo hicho hutegemea nyuzijoto mbili tu: ile ambayo joto huingilia na ile ambayo joto hutokea. Katika miaka ya 1850 Rudolf Clausius na William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, waliiweka hoja hiyo katika sheria ya pili ya themodinamiki.

Hesabu yenyewe ni fupi. Nyuzijoto mbili hupimwa kwa kelvini, yaani nyuzi za Selsiasi pamoja na 273. Tofauti yake hugawanywa kwa ile kubwa, na jibu ndilo kikomo cha ufanisi. Boila yenye mvuke wa nyuzi 180 za Selsiasi ina kelvini 453. Mvuke huo ukitolewa hewani ukiwa na nyuzi 100, tofauti ni 80, na kikomo ni takriban asilimia 18. Ukipoozwa kwanza katika kondensa hadi nyuzi 30, kikomo hupanda hadi asilimia 33. Injini za gari moshi za kawaida hazikubeba kondensa. Zilipuliza mvuke wake kupitia dohani, na humo zikapoteza karibu nusu ya kazi ambayo kanuni ingeziruhusu kuipata.

Kuni na mvuke

Kwa hali halisi, injini nyingi za gari moshi za wakati huo hazikufika hata nusu ya kikomo chake. Ufanisi wake ulikuwa kati ya asilimia 5 na 8. Joto lilipotea kwenye moshi, kwenye kuta za silinda, kwenye msuguano wa pistoni na kwenye kuni zilizoingia tanurini zikiwa mbichi. Makaa ya mawe yalipaswa kuletwa kwa meli na yalikuwa ghali, kwa hiyo misitu ya kando ya njia ikawa ghala la fueli.

Mashamba ya mkonge yalifuata reli. Ngombezi, Magunga, Kwamdulu na Mazinde ni baadhi ya yale yaliyoifanya Korogwe kuwa kitovu cha zao hilo. Jani la mkonge ni zito na limejaa maji. Singa, yaani nyuzi zinazotolewa kwenye jani, ni karibu sehemu 4 tu katika kila sehemu 100 za uzito wake. Kulisafirisha jani zima ni kusafirisha maji, hivyo kila shamba lilihitaji korona yake, yaani kiwanda chenye mashine ya kukwangua majani. Korona ilihitaji vitu viwili kwa wingi: maji ya kuoshea singa na nguvu ya kuzungushia magurudumu. Mto na vijito vyake vilitoa maji. Nguvu ilitoka kwanza kwenye injini za mvuke.

Mfano unaonyesha gharama yake. Korona inayotumia kilowati 100 kwa saa 8 inahitaji kilowati-saa 800. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la takriban megajuli 16. Kwa ufanisi wa asilimia 5, kilo hiyo hutoa kilowati-saa 0.22 tu, na kazi ya siku moja humaliza takriban tani 3.6 za kuni. Nyuma ya injini moja kulihitajika kikosi kizima cha wakata kuni na wachukuzi, na wengi wao walikuwa manamba waliotoka mbali kwa mkataba.

Kazi moja ya korona haikuhitaji injini yoyote. Singa zilianikwa juani kwenye nyaya, kisha zikapigwa brashi. Jua lilikausha bila boila, na ndiyo maana ukaushaji wa wazi uliendelea mashambani muda mrefu baada ya mashine nyingine kubadilishwa.

Handeni bila mvuke

Kusini ya mto hali ilikuwa nyingine. Ugonjwa unaoenezwa na ndorobo uliua farasi na ng'ombe wa kukokota, na bila reli mzigo wa Handeni ulikwenda kichwani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walilaza reli nyembamba kutoka Mombo hadi Handeni, wakitumia reli nyepesi zilizong'olewa mashambani, ili kupitisha shehena kuelekea Reli ya Kati. Vitoroli vyake havikuvutwa na injini bali vilisukumwa na watu. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteka Mombo, Korogwe na Handeni, na farasi wao wakafa kwa wingi kwa ugonjwa uleule wa ndorobo.

Mtu anayesukuma kitoroli hula chakula, hutoa kazi na hutoa joto, lakini mwili wake si injini ya joto. Kama ungekuwa hivyo, kanuni ya Carnot ingeubana vibaya. Kati ya mwili wa nyuzi 37 na hewa ya nyuzi 30, kikomo kingekuwa asilimia 2.3. Misuli hufikia asilimia 20 hadi 25 kwa sababu hugeuza nguvu ya kikemia ya chakula kuwa kazi moja kwa moja, bila kupitia joto kwanza. Kwa kipimo hicho mchukuzi alikuwa na ufanisi mkubwa kuliko gari moshi. Ila gari moshi halikuchoka, na kuni zake hazikuwa chakula cha mtu.

Dizeli

Rudolf Diesel alikusudia tangu mwanzo kuikaribia kanuni ya Carnot. Katika injini yake hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ipate joto la kutosha kuwasha mafuta bila cheche, na nyuzijoto za mwako hupanda mbali sana juu ya zile za mvuke wa boila. Nyuzijoto za juu zikipanda, kikomo nacho hupanda. Jaribio la Augsburg la mwaka 1897 lilitoa ufanisi wa asilimia 26. Hakuna injini ya mvuke ya wakati huo iliyoukaribia.

Mashambani maana yake ilionekana haraka. Kilo moja ya dizeli ina takriban megajuli 43. Kwa ufanisi wa asilimia 30, kilowati-saa 800 za korona hupatikana kwa kilo zisizozidi 225 za mafuta, badala ya tani 3.6 za kuni. Baada ya vita kuu mbili za dunia injini za dizeli zilichukua nafasi ya mvuke katika mashamba mengi, na mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Reli nayo iligeuka: mwaka 1963 njia kutoka kituo cha Ruvu (si mto Pangani) hadi Mnyusi, wilayani Korogwe, iliunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, na dizeli zikaendelea kuziondoa injini za mvuke.

Dizeli ndiyo iliyoifikia Handeni hatimaye, ndani ya malori na mashine za kusaga. Hata suala la maji, ambalo limeisumbua wilaya hiyo miaka mingi, ni suala la nguvu. Mradi wa Handeni Trunk Main, maarufu kama HTM, huyapandisha maji ya mto Pangani kutoka Korogwe. Kuinua tani moja ya maji kwa mita 100 kunahitaji megajuli 0.98. Lita moja ya dizeli, katika injini ya asilimia 30 na pampu ya asilimia 70, huinua takriban tani 7.7 kwa kimo hicho. Joto lililobaki huishia kwenye moshi na rejeta.

Umeme wa mto

Njia ya kukwepa kikomo cha Carnot ilikuwa kwenye mto wenyewe. Mwaka 1964 kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kilianza kuzalisha umeme kwa mitambo miwili yenye jumla ya megawati 21. Maji yanayoanguka hayana haja ya kupita kwenye joto. Nguvu yake huwa mzunguko wa tabo (turbini), kisha umeme, na tabo nzuri hufikia ufanisi wa asilimia 90. Kikomo chake ni cha namna nyingine: mvua ikikosekana Kilimanjaro, Meru na Usambara, mto hupungua na mitambo hupumzika. Umeme wa gridi unaofika Korogwe sasa unachanganya maji na gesi asilia. Kituo cha Kinyerezi II cha Dar es Salaam, chenye megawati 240, hutumia moshi wa tabo za gesi kuchemsha maji ya tabo za mvuke, na kwa mpango huo ufanisi wa mitambo ya aina yake hufika karibu asilimia 50.

Jokofu na pampu ya joto

Jokofu ni injini ya joto iliyogeuzwa. Badala ya kutoa kazi, hupokea kazi ili kuliondoa joto mahali pa baridi na kulipeleka mahali pa joto. Kigezo chake cha utendaji ni joto linaloondolewa kwa kila kipimo cha kazi. Kikomo chake ni nyuzijoto za ndani, kwa kelvini, zikigawanywa kwa tofauti kati ya nje na ndani. Jokofu lenye nyuzi 4 ndani ya chumba cha nyuzi 32 mjini Korogwe lina kikomo cha 9.9. Jokofu hilohilo katika chumba cha nyuzi 18 lingekuwa na kikomo cha 19.8. Joto la nyanda za chini peke yake hukata kikomo kwa nusu, na majokofu halisi hubaki chini sana ya hapo.

Mpango wa taifa wa chanjo ulipoanza mwaka 1975, vituo vingi vya afya vijijini havikuwa na umeme. Vilitegemea majokofu ya mafuta ya taa, yaliyotokana na uvumbuzi wa Wasweden Baltzar von Platen na Carl Munters wa mwaka 1922. Hayana kompresa, mwali wa taa huichemsha amonia kutoka kwenye maji na kuizungusha. Kwa kuwa hulishwa joto badala ya kazi, kigezo chake huwa chini ya 1, lakini faida yake ilikuwa kufanya kazi mahali pasipo na waya wa umeme. Baadaye kituo cha Korogwe cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo matokeo yake ya Korogwe na Kilifi yalitolewa mwaka 2008. Chanjo hiyo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ubaridi huo ulikuwa sharti la majaribio kama ilivyokuwa sindano.

Pampu ya joto ni mashine ileile, ila kinachotakiwa ni joto linalotoka nyuma yake. Kigezo chake huzidi kile cha jokofu kwa 1, kwa sababu kazi iliyoingia nayo hugeuka kuwa joto. Korogwe haihitaji kupasha nyumba moto. Nafasi ya mashine hiyo iko kwenye ukaushaji wa mazao, ambapo kipimo kimoja cha umeme huweza kuleta vipimo vitatu au zaidi vya joto.

Mabaki ya mkonge

Mkonge ulitaifishwa kwa sehemu kubwa mwaka 1967, ukaporomoka hadi takriban tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, na mashamba mengi ya umma yakauzwa mwaka 1998. Katika kipindi kilichofuata kampuni ya Katani ilijenga Hale mtambo wa kuvundisha mabaki ya korona, yaliyokuwa yakitupwa na kuchafua mito. Bakteria huyageuza kuwa biogesi yenye methani, na gesi hiyo huendesha jenereta. Kufikia mwaka 2008 mtambo ulikuwa na jenereta ya kilowati 150.

Injini ya gesi ya namna hiyo hugeuza takriban theluthi moja ya joto kuwa umeme. Theluthi mbili zinazobaki si hasara yote: maji yanayoipoza injini huweza kupasha tangi la kuvundishia, na moshi wake huweza kukausha. Kanuni ya Carnot hukataza joto lote kuwa kazi; haikatazi joto linalobaki kutumika. Katika zaidi ya miaka 100 ya injini za Korogwe na Handeni, nusu hiyo ya pili ya kanuni ndiyo iliyotumika kidogo zaidi.