Wakayuga ni nani, na jina lao limefikaje kwa bata?

Katika kipindi chetu cha ufugaji tulitaja bata weusi wanaoitwa Cayuga, wale ambao manyoya yao yakipigwa na jua hung'aa kijani kama mgongo wa mbawakawa. Msikilizaji akatutumia ujumbe mfupi: "Cayuga ndiyo nini? Ni mtu, mji au kampuni?" Hewani tulijibu kwa sentensi moja tu, haikutosha. Majibu kamili ni haya.

Cayuga, tamka Ka-yu-ga, ni jina la watu. Kwa Kiswahili tutawaita Wakayuga. Ni wenyeji wa Amerika Kaskazini, na nchi yao ya asili iko kando ya ziwa refu jembamba katika jimbo la New York nchini Marekani, ziwa ambalo nalo linaitwa Cayuga. Bata hao walifugwa na kupata sifa katika eneo hilo karne ya 19, wakaitwa kwa jina la ziwa. Wakati huo wenye jina walikuwa wameshaondolewa karibu wote.

Wao wenyewe hujiita Gayogohono, ingawa herufi zetu haziwezi kuonyesha sauti zake zote, kwa sababu baadhi ya irabu hutokea puani. Tafsiri inayotolewa mara nyingi ni "watu wa kinamasi kikubwa", kwa kuwa kaskazini mwa ziwa lao kuna eneo kubwa la majimaji. Sisi huweka "wa" mwanzoni: Wagogo, Wapare, Wadigo. Wao huweka alama ya "watu wa mahali fulani" mwishoni mwa neno.

Wakayuga ni mmoja wa mataifa matano yaliyoungana zamani kuunda Haudenosaunee, yaani watu wa nyumba ndefu. Wengine ni Wamohawk, Waoneida, Waonondaga na Waseneka. Watuscarora waliingia baadaye, karne ya 18. Vitabu vingi huwaita Wairokwoi, jina walilopewa na watu wa nje. Ndani ya muungano Wakayuga huhesabiwa kuwa upande wa wadogo, na Wamohawk na Waseneka ni kaka zao wakubwa. Baraza lina viti 50 vya machifu, na 10 ni vya Wakayuga. Mtoto hufuata ukoo wa mama, jambo ambalo Waluguru hawatalishangaa, na mama mkuu wa ukoo ndiye anayemchagua chifu. Anaweza pia kumvua uchifu akipotoka.

Mwaka 1779, wakati Wamarekani wakipigania uhuru wao dhidi ya Waingereza, Jenerali George Washington alituma jeshi katika nchi ya Haudenosaunee, kwa kuwa wengi wao walikuwa upande wa Waingereza. Askari walichoma vijiji vya Wakayuga, wakateketeza mahindi shambani na kukata miti ya matunda. Ukikata mti wa matunda umemnyima mtu chakula cha miaka mingi, si cha msimu mmoja. Kwa lugha za Haudenosaunee, jina la Washington lina maana ya mwangamiza miji.

Wengi walikimbilia Kanada, kwenye Mto Grand, ambako Waingereza waliwatengea ardhi mwaka 1784. Wengine baada ya safari ndefu walifika Oklahoma, ambako wanaishi pamoja na Waseneka. Waliobaki New York walipoteza ardhi yao kwa mikataba ya mwaka 1795 na 1807 iliyofanywa na serikali ya jimbo. Walifungua kesi mwaka 1980, na mwaka 2001 jaji akaamua walipwe dola milioni 247.9. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Sababu? Kwamba muda mrefu mno ulikuwa umepita. Walioporwa wakaambiwa wamechelewa.

Kuna Mkayuga mmoja ambaye sisi watu wa redio tunapaswa kumjua. Ni Levi General, aliyekuwa na cheo cha Deskaheh. Deskaheh ni jina la kiti: chifu akifa, jina hukalishwa juu ya mrithi wake. Mwaka 1923 alisafiri hadi Geneva kwa pasipoti ya watu wake mwenyewe, akaomba Shirikisho la Mataifa lisikilize malalamiko yao dhidi ya Kanada. Alikaa huko zaidi ya mwaka bila kuruhusiwa kuhutubia. Akiwa bado ng'ambo, mwaka 1924 Kanada ililiondoa baraza la machifu wa jadi pale Mto Grand na kuweka la kuchaguliwa kwa kura. Machi 1925, akiwa mgonjwa, aliingia kwenye kituo cha redio mjini Rochester, New York, akawaeleza wasikilizaji habari ya watu wake. Alifariki Juni mwaka huohuo. Milango yote ilipofungwa, maikrofoni ilibaki wazi.

Tuje kwenye lugha. Kikayuga kinafanana na Kiswahili katika jambo moja: kitenzi hubeba mtendaji na mtendwa kwa pamoja. Kama sisi tusemavyo "nimekuona" kwa neno moja, nao hufanya hivyo, na zaidi. Lakini hawana sauti za p, b wala m. Jaribu kusema "mama" bila kukutanisha midomo uone. Tena baadhi ya silabi zao hunong'onwa katikati ya neno. Asante ni "nyawe", na "e" ya mwisho hupitia puani.

Waliokua wakizungumza Kikayuga tangu utotoni sasa ni wachache, na wengi wao ni wazee walioko Mto Grand. Lugha haikupungua yenyewe. Watoto walipelekwa shule za bweni, ikiwemo Mohawk Institute huko Brantford iliyofungwa mwaka 1970, na waliozungumza lugha ya nyumbani waliadhibiwa. Wale kati yetu waliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama darasani wanaijua aibu hiyo, ingawa sisi jioni tulirudi nyumbani. Leo kuna shule Mto Grand inayofundisha kwa Kikayuga na Kimohawk, na kamusi kubwa ilichapishwa mwaka 2002.

Jina lenyewe limesambaa: kaunti, mji, hata manowari ya Kanada iliyopigana vita vya Korea. Humo mwaka 1951 alikamatwa tapeli Ferdinand Demara aliyejifanya daktari kwa jina la mtu mwingine, akiwa ameshapasua majeruhi. Na wenye jina wenyewe hawajaelewana nani aliseme: huko New York wanagombania uongozi, na Februari 2020 majengo kadhaa yalibomolewa usiku kwa amri ya upande mmoja.

Hewani tutasema Wakayuga. Hatutasema "Wahindi Wekundu". Na tusiwachanganye na Wacayuse wa Oregon, hao ni watu wengine kabisa.

Kuhusu bata: ndiyo, mayai ya kwanza ya msimu yanaweza kutoka meusi. Hayajaoza. Yatapauka kadiri anavyoendelea kutaga.