Tauni ya Kiziba, darubini ya Dar
Wadau, ukitoka Chonyonyo kwenda Bukoba unapita Kyaka. Mbele kidogo, kuelekea ziwani na mpaka wa Uganda, ndiko Kiziba. Mwaka 1897 watu wa huko walikuwa wakifa kwa ugonjwa ambao wenyewe walishaupa jina: rubwunga. Daktari wa jeshi la Wajerumani, Zupitza, akatumwa kuuchunguza. Sampuli zikaletwa Dar es Salaam kwa Robert Koch, naye mwaka 1898 akathibitisha kuwa ni tauni, bakteria yule yule aliyegunduliwa na Yersin kule Hong Kong mwaka 1894.

Sifa akapewa Koch (kama kawaida!). Mimi naitazama ile safari: wagonjwa wako Kiziba, jibu liko pwani.

Siku hizi maabara zinajaribu chembe ndogo mno za sumaku zilizovikwa ioni za zinki. Ngozi ya bakteria ina chaji hasi, zinki ina chaji chanya, basi vinanatana. Ukisogeza sumaku unawavuta bakteria kutoka kwenye damu au maji, na rangi inayong'aa inakuonyesha walipo. Ila zinki haichagui, inanasa wa tauni na wengineo, kwa hiyo kumtambua ni nani bado kunahitaji kipimo kingine.